Sura ya Pasipoti

Kabla gumba lake halijaanza kuhesabu tasbihi isiyokuwepo,
Kondo alikuwa mpiga picha, Mtaa wa Sikukuu:
chumba kimoja, pazia la buluu, stuli ya kuzunguka.
Kazi, alikuwa akisema, si kubonyeza.
Kazi ni kutangulia.
Mtoto akija amenuna, yeye hununa zaidi,
mdomo chini mpaka kidevu kiguse vifungo vya shati,
halafu anaachia polepole, shavu moja, la pili,
na mtoto, asijue nani kamvuta, anaachia naye.
Paa! Mwanga. Shilingi mia mbili.
Wa pasipoti peke yao ndio aliowaambia:
usicheke, tazama mbele, serikali haitaki meno.

Leo ni yeye mwenye sura ya pasipoti,
asubuhi, mchana, hata akinywa uji.

Nami nilikuwa nimezoea vibaya.
Nilikuwa na kioo kisichohitaji msumari:
nikikunja ndita, anakunja;
nikirudi Kariakoo na visa vya muuza vitunguu
nyusi zake zinapanda ngazi pamoja na zangu.
Sasa nafika katikati ya kisa, nasita, nauliza:
Umenuna?
"Sijanuna," sauti ndogo, kama redio ya jirani.
Na kweli hajanuna.

Msibani kwa Mwanahawisha, Magomeni Makuti,
aliketi mkekani macho makavu
kati ya wanaume waliofuta yao kwa mikono ya kanzu.
Wakasema. Mtaa una midomo mingi kuliko masikio.
Kwamba Kondo ana roho ya jiwe.
Kwamba marehemu alikuwa anamdai.
Sikumwambia mtu kwamba usiku ule
shuka letu lilitikisika hadi adhana.

Muhimbili, kijana wa koti jeupe
alimpangia kadi za nyuso mezani, moja moja.
Huyu ana nini, mzee?
"Furaha." Sawa.
Na huyu?
Akanyamaza. Akaisogeza kadi dirishani.
"Huyu taa imempiga kutoka chini. Kazi mbovu."
Daktari akacheka, nami nikacheka,
tukamgeukia wote wawili na vicheko vyetu
kama wageni waliobisha hodi,
ndani mnasikika watu,
na mlango haufunguliwi.

Benchini, tukisubiri vidonge, akanieleza kwa vituo:
"Zamani sikumsoma mtu kwa macho.
Akihuzunika, shavu langu linashuka,
nalisikia likishuka, ndipo najua.
Uso wangu ndio uliokuwa unanisomea.
Sasa nakutazama, naona pua, naona mdomo.
Herufi zote zipo.
Neno ndilo linachelewa."

Jana wakamleta mjukuu, Sikujua, miezi saba.
Akawekwa mapajani, akamchekea babu, akangoja.
Akacheka tena, kwa bidii, fizi zote nje.
Akangoja.
Kisha kidogo kidogo akaanza kufanana naye:
macho mbele, mdomo umefungwa,
nyuso mbili za pasipoti
zilizokosa pazia la buluu tu.

Mama yake akanyoosha mikono amchukue.
Nikamzuia: ngoja.
Kwa sababu gumba la kulia, lililotulia tangu dawa ya saa nne,
lilikuwa limeanza, taratibu, halafu mbio,
kama linavyoanza Yanga wakipata penalti,
kama lilivyoanza usiku ule wa msiba.
Nikauchukua mkono wa mtoto nikauweka juu yake.
Akalikamata gumba, akalitia mdomoni,
likamtetemesha fizi
na akapasuka kicheko mpaka kwikwi.

Nilitafuta simu niwapige picha. Chaji imekwisha.
Kondo, macho mbele, hakucheka.
"Umechelewa," akasema.
"Na mwanga ulikuwa mzuri."