Kwa Wenzangu wa Zamu ya Usiku

Daktari Amolo alinichorea nyuma ya risiti ya dawa:
duara, duara, duara.
Hapa, akasema, wangekaa askari waliosomea,
wanaokumbuka sura ya adui miaka na miaka.
Akalikata kwa kalamu. Hawapo.
Hapa wangekaa wahunzi wa silaha.
Akalikata. Hawapo.
Likabaki duara moja, lenu,
nikalitazama kama mtu aonaye taa
katika nyumba aliyoambiwa imehamwa.

Wanawaita wauaji wa asili.
Nilishtuka. Jina gani hilo kwa mtu
anayekesha ndani ya mtoto wa miezi saba?
Lakini na mimi watoto wa Nyalenda huniita Rungu,
na sijampiga mtu tangu nianze kazi.

Basi tuongee, mlinzi kwa walinzi.
Mimi nalinda ghala la sukari, Barabara ya Obote.
Sikusomea. Nilipewa koti, tochi, filimbi,
nikaambiwa: asiye na kitambulisho asipite.
Nanyi nasikia ni vivyo hivyo,
mnapapasa kila seli mlangoni,
kipande chako kiko wapi?
Aliye nacho, salama, pita.
Ambaye kirusi kimemchomea chake
mnamtoboa, mnamtilia sumu,
anakufa bila kelele.
Hamuulizi mara mbili.

Kisia alituaga na miezi mitano,
kinywa kimejaa utando mweupe.
Aliyemfuata hatukumaliza kumpa jina.
Wako nyuma ya migomba, kule Mudete,
na watu walisema ni jicho.
Sasa najua hata ndani yao mlikuwepo,
mkikimbia mlango hadi mlango
bila wa kuwapokea.

Ninyi wa Mudaki, anasema daktari, ni wakali
kupita walinzi wa mtoto mzima,
ila hamdumu. Mnachoka mapema.
Nililia chooni niliposikia.
Naijua saa tisa ya usiku, inavyomlegeza mtu magoti.

Sasa sikilizeni.
Kageha atatoa uboho wake.
Utaingia kwa mrija, mwekundu, mzito kama uji wa wimbi,
na ndani yake mna wale wote waliokatwa kwa kalamu.
Lakini mtamsimamisha.
Nusu ya alama za mtoto ni za mama, hizo anazo.
Nusu ni zangu.
Mtatafuta alama yangu mwilini mwa mke wangu
na hamtaiona,
maana nani huoa mtu akampa damu?

Mwaka juzi, mvua ya Aprili,
alikuja bibi na kikapu kichwani.
Mimi, akasema, ndiye niliyemzaa mwenye sukari hii.
Kitambulisho? Hana.
Nilimwacha kwenye mvua saa nzima.
Asubuhi nikapewa barua ya onyo,
na tajiri akanishika mkono, akasema kazi nzuri.
Vyote viwili, siku moja.
Mpaka leo sijui nilikosea wapi.

Sitawaficha. Iko dawa ya kuwalaza
kabla yeye hajafika. Nyote.
Ninyi mliomlinda peke yenu
usiku mia mbili na kumi.
Karatasi nimeshatia sahihi.
Mkono ulitetemeka, muuguzi akadhani sijui kuandika.

Na kama atabaki mmoja wenu macho,
kwenye kona ya mfupa, mkaidi, kama nilivyo mimi,
wewe, ndugu yangu,
mmulike taratibu, usimpige tochi machoni.
Ni Kageha. Ana kovu la jiko kiganjani.
Alama unayoitafuta ninayo mimi,
niko hapa nje, nyuma ya kioo, na barakoa.
Mwache apite.

Saa kumi na mbili.
Mwenzangu wa mchana amechelewa tena.
Ningekuwa hospitalini sasa,
lakini geti haliachwi hivi hivi.