Viini Vinne

Hsinchu, saa sita usiku. Upepo wa mji huu
unagonga vioo kama mdai asiyechoka.
Peng Yun-chu kaifungua mgongo kompyuta mpakato,
kaichomeka vipimajoto.

Anaamsha kiini kimoja tu.
Vitatu vimelala. Namba inapanda:
gigahezi nne na nukta sita.
Uwanja mzima ni wake, wati zote ni zake,
feni bado inanong'ona.

Anaamsha cha pili. Nne na nukta mbili.
Cha tatu. Cha nne.
Tatu na nukta nne, vyote sawasawa,
kama ndugu wanaovutana shuka moja fupi
mpaka wakubaliane miguu ya nani ibaki nje.

Hakuna wa kuvizomea.
Kwenye jedwali anaandika: kawaida.

Simu inamulika. Ni kaka yake, Taichung:
"Kesho mimi nampeleka mama kusafishwa damu.
Alhamisi ni ya Shu-hui. Wewe lala."

Miaka miwili amekimbia peke yake,
akiita ule moto wa shingoni uhodari.

Hajibu upesi. Anaitazama ile tatu na nukta nne,
namba ya kuonea haya,
na saa ya jaribio iliyo kando yake:
kazi ile ile, imekwisha
kabla chai haijapoa.
Ya kiini kimoja aliingoja
hadi majani yakazama chini ya kikombe.

"Sawa," anaandika. Anafuta. Anaandika tena.

Feni inashuka.
Upepo, huko nje, haujui kushuka.