Naomba

Siku ya kwanza Kariobangi niliingia dukani
nikasema kama tulivyolelewa Tabora:
"Shikamoo. Naomba chumvi."
Mwenye duka akanitazama kupitia nondo za dirisha.
"Sista, hapa hakuna kuomba. Hapa tunauza."
Wateja wakacheka. Nami nikacheka, nikalipa,
nikatoka na chumvi yangu, masikio yakiwaka moto.

Sasa ni miezi kumi na minne.
Tumepanga ghorofa ya nne, mimi na Thandeka
aliyetumwa kutoka Eswatini,
anayejifunza Kiswahili kwa daftari la mistari mipana
na kutia kila kitu katika ngeli moja:
kiatu yangu, kitanda yangu, kitabu yangu.
Nairobi inamwelewa yeye kuliko mimi.

Saa kumi na moja alfajiri tunapiga magoti
kati ya vitanda viwili, goti langu la kushoto
juu ya kigae kilichopasuka.
Simsikii Mungu saa hizo. Nasikia
jirani wa juu akiburuta meza,
bomba likikohoa hewa badala ya maji,
jogoo wa mtu fulani, afugwaye roshani.
Nasema amina kwa kuwa zamu ya amina imefika.

Kisha sketi, pasi, viatu, mageti.
Huyu anasema ameokoka tayari.
Yule anasema njooni kesho,
na hiyo kesho haijakucha hadi leo.
Mtoto mmoja alitumwa mlangoni:
"Mama amesema hayuko."
Tulimshukuru kwa kusema kweli.

Jumatatu nafua. Jumatatu naandika nyumbani.
Baba huuliza: wangapi mpaka sasa?
kama anayehesabu marobota ya tumbaku.
Humjibu habari za baridi ya Julai,
na bei ya parachichi.
Sijamwambia kwamba mlango pekee
unaofunguka kila Alhamisi
ni wa Mama Kwamboka, fundi cherehani,
wala haufunguki kwa ajili ya Neno.
Hutupa mikasi tukate nyuzi
za sare za shule, dazeni baada ya dazeni,
huku Thandeka akisoma aya kwa lafudhi ya kwao
na mama akimsahihisha bila kuinua kichwa:
"Si mchunga, mwanangu. Mchungaji.
Mchunga ni mboga."
Tukimaliza, nauliza: tuombe?
"Ombeni nyinyi. Mimi nina vifungo."

Alhamisi iliyopita, siku ya tisa bila maji,
tulimkuta ngazini, ameketi juu ya mtungi mtupu,
mkono kiunoni.
Hatukutoa salamu ya kanisa.
Tulikunja mikono ya blauzi
tukashuka hadi kwenye mkokoteni, tukapanda, tukashuka,
mitungi sita, na kila mtungi
ngazi themanini na nne. Nilizihesabu. Mtoto wa Baba.
Beji zenye majina yetu zililowa.
Na safari ya tano, pale kwenye kona
ambapo balbu iliungua tangu Pasaka,
lita ishirini zikining'oa bega,
nilijisikia nikisema, bila magoti, bila zamu:
naomba.
Sikumalizia. Sikujua naomba nini,
nguvu, au maji, au Tabora.

Juu, mama alikuwa amechemsha chai
kwa maji ya mtungi wa kwanza.
Akamimina vikombe vitatu, akautazama mvuke.
"Wewe wa shikamoo," akaniambia, "omba.
Kwa hicho Kiswahili chako.
Huko juu wamechoka na sisi:
leta, nipe, fanya haraka.
Labda wakisikia mtu anaomba
watageuka."

Cherehani ilinyamaza.
Thandeka alinishika mkono, kidoleni bado ana uzi wa bluu.
Nikafumba macho, nikafungua kinywa,
ulimi ukateleza, nikamwambia Mungu
shikamoo,
na hakuna aliyecheka.