Sekunde Tisini

Kazi yangu ni kushika saa.
Ndogo, ya kiganjani, yenye kitufe chekundu.
Mkono wa pili nauacha huru
kumgusa begani ambaye zamu yake imekwisha.
Usimsukume, tulifunzwa. Mguse
kama unayemtoa uzi kwenye koti.

Lakini mambo hayaanzii mezani.
Yanaanzia ghorofa ya sita, mtaa wa Seongsu, Februari,
theluji imeziba madirisha, Bwana Pyo kashika kalamu,
anahesabu ubaoni siku ishirini na moja kurudi nyuma.
Siku ya kwanza wapeni mlango. Picha ya mlango, basi.
Ya nne, ufunguo.
Ya saba, mkono ulioshika komeo, uso usionekane.
Tukaurusha mkono ule saa sita kamili ya usiku,
na kabla kahawa yangu haijapoa
wasichana wa Daegu, wa Lima, wa Jakarta
walishaukuza, wakaliona kovu la kidole gumba,
wakapiga yowe: ni Do-yul!
Bwana Pyo akacheka peke yake.
Chungu hakijainjikwa, harufu tumeshaiuza.

Albamu ilitoka na majalada manne:
Alfajiri, Adhuhuri, Magharibi, Usiku.
Nyimbo ni sita. Zilezile sita.
Ndani, kadi moja ya picha; ya nani, hujui mpaka uchane karatasi.
Mbuzi kwenye gunia,
ila mbuzi huyu anatabasamu.
Na kila nakala ni tikiti moja
ya bahati nasibu ya kuketi mbele yao, watu hamsini tu.
Hakuna anayelazimishwa kununua zaidi ya moja:
sentensi hiyo niliiandika mimi,
iko chini kabisa ya tangazo, herufi kama mayai ya chawa.

Noh Da-seul, muuguzi wa zamu ya usiku, Bucheon.
Orodha niliipanga mwenyewe. Jina lake
lilijirudia mara mia na kumi na mbili
mpaka likaacha kuwa jina, likawa mshono.
Kompyuta yake, nilikuja kujua,
haina hata mdomo wa kumezea sidi.

Alikuja na viatu vya hospitali.
Nikabonyeza kitufe.
Wenzake huomba moyo wa vidole, huomba
waitwe kwa jina la utani, huvaa watu masikio ya paka.
Yeye alikaa, akamtazama Do-yul mashavu,
yale mashavu tuliyoyapunguza kwa ajili ya jalada la Magharibi,
akauliza kama anavyouliza kila alfajiri, kitanda kwa kitanda:
"Umekula?"

Kalamu ikasimama katikati ya saini.
Yuko jibu la kufundishwa, analijua, ndiyo nimeshiba, na wewe je.
Akasema: "Bado."
"Tangu lini?"
"Jana."
Basi. Hawakuongeza neno.
Saa ikatambaa, hamsini, sitini, themanini,
wamekaa tu, kama ndugu wawili kituoni
treni imeshatangazwa.

Nilimgusa bega kwenye sekunde ya tisini na nne.
Bwana Pyo aliziona zile nne.

Kwenye lifti akaniuliza kulikoni,
nikamsimulia. Yote. Viatu, mashavu, bado, jana.
Nilidhani nasimulia jambo la huzuni.
Alinyamaza ghorofa tatu, macho juu ya namba zinazopanda.

Agosti. Kiyoyozi kinakohoa.
Ubaoni, siku ishirini na moja kurudi nyuma,
na mwandiko wake mzuri, wa mtu aliyelala vyema:
Siku ya kwanza: bakuli. Jeupe. Tupu. Bila maelezo.

Saa sita kamili ya usiku tukalirusha.
Kahawa yangu haikuwahi kupoa.
Kutoka Daegu, kutoka Lima, kutoka Jakarta,
maelfu kwa maelfu, swali lilelile:
Umekula? Umekula? Umekula?

Nikafungua orodha mpya ya oda.
Nikashuka nayo taratibu, kidole juu ya kioo,
nikiliomba jina moja lisiwemo.
Lilikuwa la tatu.