Nakala Tatu, Wandegeya

Saa mbili asubuhi, mashine bado haijapata moto,
Kemigisa ameingia na bahasha ya kaki.
Nakala tatu, anasema. Kisha anashusha sauti:
Na hii herufi, kaka Drani, haiwezi kufifia kidogo?

Nimeiona. Historia B. Fasihi C.
Uchumi, F:
imesimama wima, haina haya,
kama mgeni wa matangani anayeulizia chakula.

Wapo mafundi huko mjini, nawajua kwa majina.
Kwa elfu themanini, F huota matumbo mawili ikawa B.
Nami nina wembe, nina rula, nina wino mweupe,
nina kodi ya miezi miwili sijalipa.

Unaomba kusomea nini?
Sheria.
Tukatazamana.
Yeye ndiye aliyeanza kucheka.

Fomu imeacha mistari sita: *Eleza sababu.*
Wenzangu, anasema, wameshawaua bibi zao humo,
wamejipa malaria, wamechoma nyumba moto.
Mimi sina kisa. Hakufa mtu. Sikuugua.
Nilidhani naujua Uchumi, nikalala.

Sikumwambia kuhusu F yangu.
Ilinikuta Arua, nikaikunja mara nne,
nikaitia chini ya godoro, nikaenda kubeba saruji.
Hakuna aliyenifukuza mlangoni;
mlangoni sikufika.
Mwaka wa tano, hapa hapa, nikimnakilia mtu tangazo,
ndipo niliposoma: masomo mawili ya kupita
yanatosha kukalia mtihani wa kujiunga.
Mawili. Nilikuwa nayo mawili.
Nikanakili kurasa arobaini, nikapokea pesa, nikarudisha chenji.

Kwa hiyo nimembonyezea kitufe cha kijani.
Wino nilibadilisha jana: F imetoka nyeusi
kuliko ilivyo kwenye karatasi yenyewe.
Zilizopita zitakufikisha kwenye chumba cha mtihani, nikamwambia.
Hii nayo utakwenda nayo. Watakuuliza.
Ukiwa wakili utauliza wewe.

Shilingi mia sita. Akalipa, akaazima kalamu,
akainamia kaunta yangu, akaandika: *Nilifeli.*
Akaweka nukta.
Mistari mitano na nusu ikabaki mitupu,
kalamu yangu ikining'inia hewani,
na nyuma yake foleni imeanza kuguna.
Nikawaambia wasubiri.