Fisi Mwenye Tiketi ya Nusu Bei

Njia mbili zilimshinda fisi,
lakini fisi hakuwa na kadi ya mwanafunzi
wala treni ya saa tano usiku kwa nusu nauli.
Mimi ninavyo vyote viwili
na msamba wangu haujapasuka.
Bado.

Septemba nilishuka Olomouc na sanduku moja
na ahadi kwa mama, aliyebaki Lugo na ng'ombe wake saba:
nitasoma.
Oktoba ikaisha nimekwisha kuona Krakovia, Vienna, Bratislava,
na mji mmoja wa Slovakia ambao jina lake sikuuliza
kwa kuwa tulishuka kwa makosa, mvua inanyesha,
tukanywa supu ya kabichi, tukapanda tena.

Jūratė, ninayelala naye chumba kimoja, ana ramani ukutani
na pini nyekundu kila alipokanyaga.
Mimi nina ratiba ya masomo
na duara jekundu kila nilipokosa.
Ukisimama mlangoni bila miwani
huwezi kujua ipi ni ya nani.

Daktari Hrubešová anafundisha elimu ya mito.
Hasomi orodha ya majina. Anatazama viti vitupu
kama mtu anayepitisha ulimi penye meno yaliyong'oka.
"Iria," aliniuliza siku moja, "Danubi uliuona?"
Niliuona.
"Ulikuwa unapitisha mita ngapi za ujazo kwa sekunde?"
Nikasema: "Ulikuwa na taa."
Darasa zima lilicheka.
Yeye hakucheka; aliandika kitu.

Ikaja ile Jumapili, natoka Budapest peke yangu
(Jūratė alibaki; ana mtu huko, au ana mafua,
ujumbe wake haukueleweka).
Treni ikachelewa dakika arobaini
na ile ya kuunganisha, pale Břeclav, haikunisubiri.
Saa nane za usiku. Benchi la chuma.
Mashine ya kahawa ikameza sarafu yangu ya mwisho
kimya kimya, kama karani mzoefu.
Mtihani kesho, saa tatu asubuhi;
kesho gani, ni leo.
Nikafungua daftari. Tiketi ya makumbusho
ilikuwa imeushikilia ukurasa wa kumi na mbili
tangu majani yalipoanza kudondoka.

Mwanamke wa kufagia, kifuani ameandikwa Květa,
aliinua miguu yangu kwa ufagio.
"Unasoma nini?"
Kicheki changu ni cha kununulia tiketi na bia,
lakini neno mto ninalo.
Akaegemeza ufagio ukutani.
Akanyosha mkono juu, juu ya kitambaa chake cha kichwa,
akausimamisha pale hewani.
"Maji. Hapa. Nilikuwa msichana.
Kochi la mama lilitokea dirishani."
Kisha akaendelea kufagia, vichungi vya sigara, karatasi za peremende.

Ukurasa wa kumi na tatu: mafuriko ya miaka mia,
uwezekano wake kila mwaka, sehemu moja ya mia.
Nilikuwa nimeipita mara tatu hiyo namba
kama kituo ambacho treni ya haraka haisimami.
Sasa nikaona kochi linaelea.
Nikasoma hadi vioo vikawa vya kijivu
na sauti ya spika ikataja, katika majina kumi, mji wangu.

Sitadai kwamba niling'ara.
Nilipata E, ile herufi inayokuvusha
maji yakiwa kidevuni.
Ila kwenye swali la nne daktari aliweka vema mbili,
na pembeni, kwa penseli: "Hili ulilisomea wapi?"

Jioni mama alipiga simu.
"Unasoma?"
"Nasoma."
Nyuma yake ng'ombe mmoja alilia, sijui kwa nini nilihisi ananicheka.
Mlangoni Jūratė, pua nyekundu, pini mpya mkononi:
"Ijumaa, Trieste."
Niliitazama ratiba. Niliitazama ramani.
Nikauliza tu: njiani tunabadilisha treni wapi,
na pale tutasubiri saa ngapi?