Otia Yuko Pembeni

Ghorofa ya nne, lifti mbovu, mvua ya Februari
inaipepeta Kutaisi kama mchele.
Nimebeba runinga ya inchi hamsini na tano.
Nazibrola ananifungulia, miwani kichwani,
anaagiza viatu vibaki nje kabla hajauliza jina langu.

Nikaifunga ukutani, nikaipima kwa pimamaji.
Akaweka filamu yake, ya kale, rangi zimechujuka,
na papo hapo nikauona: mkanda mweusi juu,
mkanda mweusi chini, picha katikati
kama barua iliyosukumwa chini ya mlango.

"Usijali, mama, hii inatibika,"
nikaishika rimoti kidaktari.
Kitufe cha kwanza: Nyoosha.
Bibi harusi akawa mlingoti,
farasi wakaota miguu ya twiga,
na gurudumu la mkokoteni likasimama wima kama yai.
"Otia alikuwa mfupi," akasema.
"Nilimpenda akiwa mfupi."

Kitufe cha pili: Kuza.
Weusi ukatoweka, kioo kikajaa pomoni.
Nikageuka, nangoja shukrani.

"Mume wangu yuko wapi?"

Akafungua mtoto wa meza, akatoa futi ya cherehani,
akapanda kigoda (nikamshika kiwiko, akaunyang'anya mkono wake)
akapima.
"Kioo chako, kumi na sita kwa tisa.
Hii ilipigwa mbili nukta tatu tano kwa moja.
Hesabu hiyo haipatani, hata ukiiombea.
Ukiiacha nzima, unabaki na weusi,
sentimita nane na ushee juu, nane na ushee chini.
Ukiula huo weusi, unakata robo ya upana,
nusu yake kulia, nusu yake kushoto,
na kushoto ndiko aliko Otia, ameshika hatamu."

Miaka thelathini na mmoja alikaa chumba cha mitambo,
kule sinema ya karibu na daraja la Rioni,
akinusa kaboni ikiungua, akibadili reli gizani kwa kupapasa.
Mimi nilikuja kumfundisha vitufe.

Akanieleza habari ya utepe:
kwamba ukiuinua kwenye taa
watu wote wamebanwa, wembamba kama njiti,
harusi nzima imepita tundu la sindano,
na lenzi ndiyo iliyowarudishia mabega.
"Usiku mmoja nilisahau kuifunga lenzi.
Watu mia tatu wakapiga miluzi.
Siku hizi mtu anakaa na picha iliyopotoka miaka kumi
na hapigi mluzi."

Nikajitetea. Nikasema wateja hulalamika,
wamelipia kioo chote, wanataka kioo chote.
"Ukinunua sahani kubwa," akasema,
"unauvuta mkate wa jibini mpaka ukingoni?"
Akaenda kuuleta huo mkate. Ulikuwa wa moto.
Sahani ilikuwa kubwa. Nikanyamaza, nikala.

Tukaizima taa. Ajabu ya giza:
chumba kilipokuwa cheusi, mikanda ikamezwa na ukuta,
nisijue tena runinga inaishia wapi.
Tukangoja dakika arobaini na mbili.
Wazee wakabishana kuhusu mahari ya ng'ombe,
mvua ya filamu ikachanganyika na ya dirishani,
kisha akanigusa goti kwa futi iliyokunjwa.

Kushoto kabisa, ambako jicho halina kazi,
kijana mfupi, kofia kubwa kumzidi,
ameshika hatamu ya farasi mwekundu.
Hatazami kamera. Farasi ndiye anayetazama.
Anafuta pua kwa mkono wa shati.
Sekunde kumi na moja. Nilizihesabu.

"Hakuambiwa afute pua," akasema Nazibrola,
na akarudisha nyuma, tukaanza tena.

Nilipokuwa natafuta viatu vyangu
nikaiona rimoti juu ya friji:
kitufe cha Kuza kimebandikwa plasta,
ile ya vidole vilivyokatwa kisu.